Bustani ya Tiba za Asili Chuoni na Suala la Majina

Makala haya yanadhamiria kueleza namna chuo kikuu kinavyoweza kuanzisha bustani ya mimea ya tiba za asili, mfano wetu ukiwa kaunti ya Taita Taveta. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichotunukiwa hati mwaka 2016, kina kampasi kuu Ngerenyi, juu milimani, ilhali Taveta ipo tambarareni penye joto. Kwa hivyo kitalu kimoja hakitatosha. Mwarobaini na mkwaju hupenda joto la Taveta. Prunus africana, ambao magome yake hutumiwa kutibu uvimbe wa tezi dume, ni mti wa misitu ya mlimani. (Mti huo, ajabu, Kiswahili sanifu bado hakijaupa jina linalofahamika na wengi.) Gome lake likibanduliwa kuzunguka shina lote, mti hufa, na biashara yake ilikithiri hata ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 1995. Bustani, basi, ifundishe pia kuvuna. Wadawida walizilinda fighi, misitu yao mitakatifu, kwa miiko, na miiko hiyo inastahili kusomwa darasani.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, kazi ngumu kuliko zote ni ya vibao. Mwarobaini, yaani Azadirachta indica, ulitoka Bara Hindi, na pwani huitwa pia mkilifi. Upo mti mwingine wa ukoo wake, Melia azedarach, ambao baadhi ya watu huuita mwarobaini nusu. Neno "nusu" ni jepesi kudondoka katika mazungumzo, na matunda ya mti huo yana sumu. Hapo kosa la msamiati huwa kosa la tiba.

Kila kibao kiwe na jina la Kitaveta, la Kidawida, la Kiswahili na la kisayansi. Wajuzi wa majina hayo ni wazee na waganga, nao wana haki zao: sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu ulinzi wa maarifa ya jadi inadai ridhaa ya jamii husika. Mwanafunzi wa Kiswahili aende na daftari, aombe idhini, aandike jina kama linavyotamkwa, kisha aulize kijiji cha pili. Majina yakipingana, kibao kisisimikwe kwanza. Mmea uonyeshwe kwa mtaalamu wa mimea.