JIRANI ASIYEJULIKANA: SIKU MOJA JUU YA MAJI YA MTO NAILI

Katika nyumba za askari wa Jinja, mtoto hufundishwa jambo moja juu ya Mto Naili hata kabla hajajua kusoma: usiende huko. Wala wazazi hawana kosa. Mto huo huzamisha watu, na mama asiyejua kuogelea hana silaha nyingine ila katazo. Hivyo mtu aweza kuishi miaka na miaka jirani na mto ambao wageni hupanda ndege kutoka mabara ya mbali kuja kuuona, kisha akaondoka kwa uhamisho asiujue ila kwa kuupita darajani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa sajini mmoja na mkewe, waliokaa Jinja miaka kumi na mmoja. Mama huyo alikuwa na sababu ya ziada. Alizaliwa kando ya mto huo huo, upande wa Kayunga, na alipokuwa msichana mdogo nduguye alianguka kutoka mtumbwini akafa maji. Tangu siku hiyo hakutia mguu mtoni. Sasa kifungua mimba wake, aliyemaliza masomo ya sekondari, alikuwa ameleta ombi nyumbani: ataka kujifunza kazi ya kuongoza boti za mpira katika maporomoko.

Mama alikataa. Baba, ambaye jeshini alifunzwa kuvuka mito kwa kamba, hakubishana naye. Alisema tu, "Mama, tukaone kwanza. Ukikataa baada ya kuona, nami nakataa pamoja nawe."

Asubuhi ya safari walivishwa kofia ngumu na makoti ya kuelea, yakakazwa kamba hata mama akalalamika kwamba hawezi kupumua vema. Boti yenyewe ni mpira mnene uliojazwa upepo, wenye nafasi ya watu wanane hivi. Nahodha, kijana Msoga, hukaa nyuma, na abiria hukaa ukingoni, kila mmoja na kafi yake. Kandokando huenda waokoaji katika mitumbwi midogo ya mtu mmoja, iitwayo kayaki, tayari kumfuata atakayeanguka.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya mafunzo katika maji yaliyotulia, na hapana shaka nusu saa hiyo ndiyo iliyokuwa na faida kubwa kuliko zote. Mtu akianguka, alisema nahodha, alale chali, miguu mbele kufuata mkondo, vidole vya miguu vionekane juu ya maji. Asishindane na maji. Wala asijaribu kamwe kusimama maadamu maji yanakwenda kwa nguvu.

"Na akisimama?" mama aliuliza.

"Mguu hunaswa kati ya mawe, Mama. Maji humsukuma mgongoni yakamlaza kifudifudi, asiweze kujinyanyua. Hata pale yanapofika kifuani tu, au chini ya hapo."

Mama hakuuliza tena. Mahali alipofia nduguye maji yalikuwa ya kifuani. Jambo hilo ndilo lililowashangaza wazee wakati ule, na kwa kukosa jawabu wakasema mto ulikuwa umemchagua.

Kisha mto ukaanza kuteremka. Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kyoga, ambako mto huingia, liko chini yake kwa mita mia moja hivi. Maji yote yatokayo ziwani hayana budi kushuka kimo hicho, na huko kushuka ndiko kunakozaa maporomoko. Ndiko pia kunakozaa umeme. Mteremko ni mmoja, na wanaoutaka ni wengi.

Maporomoko ya Ripon, ambayo Speke aliyafikia mwezi Julai 1862 akayapa jina la bwana mmoja wa Kiingereza ilhali Wasoga walikwisha kuuita mto wao Kiyira, yalitoweka baada ya bwawa la Owen kukamilika mwaka 1954. Maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga wayaheshimu kuwa makao ya mzimu wa Budhagaali, yalifunikwa mwaka 2011. Bwawa lake, lenye uwezo wa megawati 250, lilizinduliwa mwaka uliofuata. Mwaka 2019 lilifuata la Isimba, la megawati 183, likafunika mengine huko chini. Nani atakayeunung'unikia umeme, naye ana mgonjwa hospitalini au mtoto asomaye usiku? Lakini ni vizuri kujua kilichotolewa ili kuupata. Biashara ya boti za mpira, iliyoanza hapa mwaka 1996, imelazimika kubadili njia zake kila maji yalipopanda.

Boti yao ilipinduka katika poromoko la tatu. Mama alikuwa chini ya maji muda ambao mumewe, akiutazama kutoka majini, aliuona mrefu sana. Alipoibuka alikuwa amelala chali, miguu mbele, na kafi bado mkononi. Chini ya poromoko maji yalipanuka, yakawa ya kina kirefu na shwari. Hapo binti mmoja wa kayaki alimfikia, akamwambia ashike mshikio wa mbele, akamvuta mpaka kwenye boti. Mama alikohoa, akatema maji, kisha jambo lisilotarajiwa na mtu yeyote likatokea: alicheka.

Mchana walikula mananasi na chapati ndani ya boti, katikati ya mto, si kwenye kingo zenye majani na maji yaliyosimama. Konokono waenezao kichocho hupenda mahali pa namna hiyo, na familia zichotazo maji au kufulia huko zafaa kupimwa na kupewa dawa katika kituo cha afya.

Itanda hawakuipita kwa boti. Hapo mto umegawanywa na kisiwa: Itanda upande wa Jinja, Kalagala upande wa Kayunga, na katika mapatano ya Bujagali ya mwaka 2007 serikali ilikubali Kalagala ihifadhiwe, isijengewe bwawa. Nahodha aliwashusha, boti ikabebwa nchi kavu. Mama alisimama juu ya mwamba, akatazama ng'ambo, upande wa kwao. Mumewe alikaa mbali kidogo, asimsemeshe.

Njiani kurudi, garini, mwana hakuthubutu kuuliza. Walipokaribia mji mama aligeuka nyuma.

"Mtu akianguka, miguu iwe wapi?"

"Mbele, Mama. Vidole juu."

"Na akiona mwenziwe amesimama mkondoni?"

Kijana alianza kueleza. Mama akamwambia aseme polepole, ili na wadogo zake, watakapofika nyumbani, aweze kuwaeleza vivyo hivyo.