Udongo wa Mbuga na Moto wa Kiwandani

Msafiri wa garimoshi atokaye Dar es Salaam kwenda Tabora hupita stesheni ya Goweko, katika nchi iliyopitwa zamani na misafara ya pwani. Mabondeni mwa nchi za Unyamwezi mna udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa mvua huvimba na kunata miguuni, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Sababu yake ni nini?

Udongo wa namna hiyo huwa na madini ya jamii ya smektaiti. Madini hayo yamepangika kama chapati zilizolaliana. Kila tabaka lina unene wa nanomita 1 hivi, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Maji huingia baina ya matabaka, nayo yakaachana.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa kampuni ya Toyota huko Japani walionyesha kwamba matabaka hayo yakitawanywa ndani ya nailoni, asilimia chache tu za udongo huiongezea ugumu na ustahimilivu wa joto. Lakini udongo hupenda maji, na plastiki nyingi huyakataa. Kwa hiyo udongo hutiwa kwanza kemikali za jamii ya sabuni: kichwa cha molekuli, chenye ioni ya amonio, hushika udongo mahali pa ioni za sodiamu, na mkia mrefu wa kaboni hupatana na plastiki.

Hapo ndipo penye tatizo. Udongo wenyewe hustahimili nyuzi 500 za Sentigredi. Kemikali ile huanza kuvunjika karibu na nyuzi 200, na pengine kabla ya hapo, ilhali nailoni 6 huyeyuka kwenye nyuzi 220. Mkia hung'oka kichwani, plastiki hubadilika rangi, na matabaka huweza kushikana tena.

Tiba ziko mbili. Kwanza, kuiosha kemikali ya ziada isiyoshikwa na udongo, kwa kuwa hiyo ndiyo itanguliayo kuungua. Pili, kutumia vichwa vya fosfonio au imidazolio, ambavyo huweza kufikia karibu nyuzi 300.

Basi mwanafunzi atakayetaka siku moja kuupeleka udongo wa mbuga kiwandani asiulize tu una smektaiti kiasi gani. Aulize pia: nimeutia nini, nacho kitavumilia moto kiasi gani? Uimara wa mchanganyiko hupimwa kwa kile kilicho dhaifu ndani yake.