Mtoto wa Gongali na Maji ya Kunywa

Paukwa!

Mkiitikia "pakawa" mnamngoja sungura, nawajua. Leo hayupo. Leo kuna mtu wa kweli, na kwao ni Gongali, huku huku Karatu. Anaitwa Askwar Hilonga.

Tangu utotoni aliona watu wa kijijini wakishika matumbo. Minyoo, amiba, homa ya matumbo, yote hayo hupitia kwenye kikombe. Akasoma, akasoma mpaka Korea Kusini, akarudi na shahada ya uzamivu, akawa mhadhiri katika Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha. Akachukua mchanga, huo mnaouchezea, akauunganisha na chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, akatengeneza chujio la maji. Mwaka 2015 likampatia tuzo ya uhandisi ya Afrika, inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza: pauni 25,000. Kampuni yake akaiita Gongali. Mimi jina hilo linanifurahisha kuliko hizo pauni.

Sasa mtaniuliza: babu, si angechemsha tu?

Chemsheni, ndiyo. Maji yakitokota sawasawa vijidudu vinakufa. Yakipoa yawe kwenye chombo chenye mfuniko, na asitokee mtu wa kuchovya kikombe pamoja na vidole vyake. Hapo ndipo kazi yote ya kuni inapopotea. Lakini kaskazini kwetu volkano za kale ziliacha floridi ardhini, nayo huingia kwenye maji ya baadhi ya visima. Mtoto akinywa nyingi wakati meno yake yangali yanajijenga ndani ya fizi, yanatoka na madoa ya kahawia. Floridi haina uhai, utaiuaje kwa moto? Ukichemsha mpaka usiku, maji yanapaa mvuke, yenyewe imebaki sufuriani. Ndiyo maana chujio linalofaa kijiji kimoja huenda lisitoshe kingine: kwanza maji yapimwe. Na magadi mnayotilia makande yaive upesi, mengi nayo yana floridi. Mwenzako mwenye meno ya hivyo usimcheke, si mchafu. Naye asiyasugue kwa mchanga, atayakwangua bure.

Tumbo likishaanza kuendesha, adui mkubwa ni kukauka mwili. Zahanati wana pakiti za kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki kwa watoto wadogo. Kama zahanati ni mbali, anzeni nyumbani: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, si vya kurundika. Chumvi isizidi! Sukari si ya utamu. Ndiyo inayoisaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na chumvi ikipita maji yanaifuata. Mgonjwa anywe kidogo kidogo. Akitapika, ngojeni dakika kumi, mwanze tena polepole. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mkiona damu kwenye choo, macho yamezama, analia bila machozi, au hawezi kunywa, msikae kushauriana. Zahanati.

Halafu kiangazi kinakuja na vumbi jekundu, na nzi. Kwa jirani zetu wa Ngorongoro vikope bado vinasumbua. Nzi hutua kwenye tongotongo la huyu, akahamia jichoni mwa yule. Vikirudi mara nyingi kwa miaka, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho mpaka mtu asione. Uso uliooshwa haumvutii nzi, na choo cha shimo kinamnyima mahali pa kuzalia.

Maji ni machache, mtasema. Basi tengenezeni kibuyu chirizi. Tafuteni dumu la lita tano, litobolewe tundu dogo karibu na mdomo, litundikwe kwenye mti wa kulala juu ya miti miwili, kisha kamba ishuke kutoka shingoni mwake mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika; kikombe kimoja kinatosha mikono na uso. Sabuni itobolewe katikati na kufungwa kwa kamba. Mkiiacha juu ya jiwe, kunguru ataichukua, na mkimfuata mtini atawatazama tu.