Fahamu: Nani hupanga ngumi za sinema za Kihindi?

Katika vibanda umiza vya Babati, kama kwingine nchini, stelingi wa Kihindi akirusha teke moja maadui kumi wanalala chini, na kibanda kizima kinalipuka kwa shangwe. Sifa zote anapewa stelingi. Mwenye kazi ni mwalimu wa mapigano.

Huyu hulipanga pigano kama ngoma: hatua zinahesabiwa, kila wa kuanguka anajua zamu yake. Ngumi haigusi shavu. Kamera hukaa pembe inayoficha mwanya, na kishindo huongezwa studio. Wanaopaa hubebwa na waya, ambazo baadaye hufutwa kwa kompyuta. Lakini anayeanguka huanguka kweli, na huumia kweli.

India yenyewe ilichelewa kuwatambua walimu hawa. Tuzo ya taifa ya uongozaji wa mapigano ilianza na filamu za 2016, akaipata mwalimu Peter Hein kwa filamu ya Pulimurugan. Mwalimu mwingine, King Solomon, aliichukua kwa filamu ya RRR, na kwa haki: pale stelingi Ram Charan anapopenya umati peke yake, sijaona mfano wake.

Hollywood imechelewa zaidi. Oscar ya kwanza ya kazi hii itatolewa 2028, kwa filamu za 2027.