Je, Wajua? Moshi wa Kiangazi Boko

• Kati ya Juni na Oktoba nyasi hukauka sehemu nyingi za Tanzania. Mioto mingi ya porini huwashwa na watu: wakulima wanaosafisha mashamba, wafugaji wanaotafuta malisho mapya, wawindaji na wachoma mkaa.

• Hapa Boko, Kinondoni, rundo la majani na taka likichomwa uani linatosha kuchafua hewa ya mtaa. Plastiki ikiungua hutoa sumu, zikiwemo dioksini.

• Chembe hatari zaidi za moshi hazizidi maikromita 2.5; unywele ni mnene karibu mara 30 zaidi. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu.

• Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wa chembe hizo kwa saa 24 usizidi maikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo.

• Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, moshi hutanda chini.

• Barakoa ya kitambaa haizuii vizuri chembe hizo. Moshi ukizidi, waingize ndani watoto, wazee na wajawazito, na ufunge madirisha. Mwenye pumu asikae mbali na dawa yake ya kuvuta. Majani makavu usiyachome. Yafukie yawe mboji.