MAKALI PEKE YAKE HAYATOSHI

Na mwanachama, Kidato cha 3

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Siwapingi. Lakini Krismasi iliyopita nilikuwa na kisu kikali kama wembe, nyama nikala hadi nikatosheka, na bado nikapata aibu. Hebu nikusimulie, kisha nikueleze nilichojifunza kuhusu umbo la kisu.

Ngoma ya chama chetu ilikuwa imepasuka ngozi. Mimi, kwa kujigamba, nikasimama mkutanoni nikasema, "Ngozi niachieni mimi, babu atachinja mbuzi." Kweli babu alichinja, akaniambia nichune mwenyewe. Nikakimbilia kisu cha jikoni, kile chembamba chenye ncha kama sindano. Haukupita muda ncha ikapenya ngozi. Mara ya pili. Mara ya tatu! Tulipoiwamba kwenye fremu ya miti ili ikauke kivulini, kila tundu lililokuwa dogo kama punje ya mahindi likavutika likawa kubwa kama jicho la ng'ombe. Babu akatikisa kichwa akasema, "Mjukuu wangu, hiyo si ngozi ya ngoma tena. Hiyo ni chujio."

Je, kosa langu lilikuwa nini? Makali yalikuwako, tena ya kutosha. Umbo ndilo halikufaa. Katika Fizikia tulifundishwa kwamba nguvu ikikusanywa mahali padogo huzama zaidi. Ncha kali ni mahali padogo mno, basi ukiteleza kidogo tu, imeshazama.

Babu, ambaye ujanani alifanya kazi ya bucha, aliniketisha akanionyesha visu vyake kimoja kimoja.

Kwanza ni kisu cha kuchunia. Hiki ni kipana, makali yake yamepinda kama mwezi mchanga, na ncha yake ni ya mviringo. Kwa kuwa makali yamepinda, ni sehemu ndogo tu inayogusa utando ulio kati ya ngozi na nyama. Unakivuta taratibu, nacho kinatelezea juu ya ngozi bila kuitoboa.

Pili ni kisu ambacho mgongo wake unashuka polepole hadi kukutana na makali. Ncha yake ni nene na imara, haivunjiki ovyo. Hiki ndicho kisu cha kazi nyingi. Kinafaa kupasulia ngozi mwanzoni, kuchonga kijiti na kukata kamba. Ukiwa na pesa za kisu kimoja tu, nunua hiki.

Tatu ni kile ambacho mgongo wake umekatwa karibu na mwisho, ncha ikabaki nyembamba, iliyochongoka. Kinapendeza macho, vijana wengi hukikimbilia. Kinafaa kutoboa na kufanya kazi ndogondogo za ncha, lakini ukikibanduabandua nacho mifupa, ncha inakatika. Isitoshe, wakati wa kutumbua ni hatari. Kikigusa utumbo, uchafu unamwagikia nyama. Kikipasua nyongo, nyama inakuwa chungu! Ndiyo maana, kisu chochote ushikacho, geuza makali yatazame juu na uikinge ncha kwa vidole viwili unapofungua tumbo.

Nne ni kisu cha kutolea mifupa. Ni chembamba, urefu wa sentimita 15 hivi. Hicho hupita kwenye viungo na kuzunguka mfupa bila kuacha nyama nyingi nyuma.

Na kazi za nje je? Kukata kuni au kufyeka ni kazi ya panga, si ya kisu. Tazama simi ya Wamasai: inapanuka kuelekea mwishoni, uzito ukawa mbele, nayo ikishuka inashuka kwa kishindo. Hata kunoa ni tofauti. Kisu cha kuchunia hunolewa kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande, lakini panga huhitaji kama nyuzi 30, la sivyo makali yatapinda kwenye mti mgumu.

Pengine utauliza kama visu hivi si vya wawindaji. Ni kweli, maumbo ni yale yale. Lakini kuwinda swala au nyati hapa Kenya kulipigwa marufuku mwaka wa 1977, kwa hivyo mimi nazungumzia mbuzi wa zizini. Tena kisu ni cha nyumbani. Usije nacho shuleni ukasema nilikutuma!

Jambo la mwisho lilinishangaza kuliko yote. Babu alisema kisu bora cha kuchunia mbuzi ni kile ulichokiweka chini. Ukishapasua ngozi miguuni na kifuani, nawa mikono, kunja ngumi, kisha sukuma kati ya ngozi na nyama huku mkono wa pili ukivuta ngozi. Inabanduka yenyewe, nyeupe, bila alama hata moja. Kisu unakirudia tu pale palipong'ang'ania.

Siku ya Pasaka nilijaribu tena. Kile chenye mgongo ulioshuka kikafungua, kile kilichopinda kikasaidia, ngumi ikamaliza. Babu akaiinua ngozi juani, akaikagua pande zote, asiseme neno. Akanirudishia tu huku akitabasamu. Nikajua nimepita mtihani.

Wasemavyo, mwamba ngoma huvutia kwake. Sisi tuliivuta ngozi ile kila upande na haikupasuka. Ukipita karibu na darasa letu Ijumaa jioni utaisikia ikilia. Basi ndugu msomaji, kabla hujaulizia makali, uliza kwanza: kazi ni ipi?