Goma: Siku moja kwenye kituo cha watoto yatima, ni kazi gani inayoacha faida?

GOMA – Jumamosi, siku ya posho, mambo huwa karibu yale yale mbele ya mlango wa kituo cha watoto yatima. Kundi la vijana linafika, leo wanakwaya, juma lijalo wanafunzi wa chuo kikuu. Wameleta sabuni, mchele, mafuta na katoni za biskuti. Watoto wanakimbia kuwapokea. Wanaimba pamoja, wanacheza mpira, wanapiga picha. Saa kumi alasiri wageni wanaaga. Hapo mtoto mmoja anashika mkono wa msichana aliyemjua asubuhi tu, anamuuliza: « Tantine, utarudi lini? »

Wengi hujibu « juma lijalo », kwa sababu ndilo jibu rahisi. Kisha hawaonekani tena. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja na watu wa kwao anaachwa tena, na Jumamosi nyingine kundi jipya linafika na biskuti.

Hakuna anayesema kwamba vijana hao wana moyo mbaya. Katika mji ambako salongo, kazi ya pamoja ya usafi iliyoanzishwa wakati wa Mobutu, bado inajulikana na kila mkaaji, kutoa siku yako kwa ajili ya wengine si jambo geni. Swali ni hili: siku hiyo moja itumike kwa kazi gani?

Si wote walio yatima

Historia ya mji huu inaeleza kwa nini vituo ni vingi. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walifika kwa wingi, kati yao maelfu ya watoto wasio na wazazi pembeni. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto wa Nyiragongo uliingia hadi katikati ya mji. Baadaye vita vya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo vilileta watoto wengine. Mwezi wa kwanza 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na aliyezoea kupokea msaada kwa njia hizo akabaki anahesabu mifuko ya unga iliyobaki.

Lakini mtoto anayelala kituoni si lazima awe amefiwa na baba na mama. Wengine walitengana na familia njiani wakati wa kukimbia. Wengine waliletwa na shangazi au bibi aliyeshindwa kuwalisha. Wengine walifukuzwa nyumbani kwa kushitakiwa kuwa wachawi, ingawa sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemshitaki mtoto uchawi kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3.

Wakaaji wa Goma wanakumbuka usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka tena. Watu walikimbia gizani, hawa kuelekea Gisenyi, wale kuelekea Sake. Siku iliyofuata UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Msaada mkubwa waliouhitaji ni mtu wa kuuliza majina, kuyaandika vizuri na kutafuta wazazi. Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu walifanya kazi hiyo, na watoto wengi wakarudi mikononi mwa mama zao.

Kazi isiyoonekana kwenye picha

Ndani ya kituo, siku huanza kabla ya jua. Maji lazima yatafutwe, bidoni moja baada ya nyingine. Maharagwe lazima yawekwe kwenye makala mapema, la sivyo watoto watakula usiku. Kuna nguo za kufua, mashuka ya waliokojoa kitandani, sombe ya kutwanga, mtoto mwenye homa wa kupelekwa kwenye kituo cha afya. Kazi hizo zote ziko mabegani mwa akina mama walezi wachache, na mara nyingi mshahara wao unachelewa.

Mama mlezi ndiye mtu ambaye mtoto atamwona kesho na kesho kutwa. Ndiye anayejua nani huota ndoto mbaya na nani huficha chakula chini ya godoro. Lakini ndiye asiye na muda, kwa sababu mikono yake iko kwenye beseni tangu asubuhi.

Basi wajitoleaji kumi wakikaa kwenye beseni kwa saa tano, mama mlezi anapata saa tano za kukaa na watoto, kusuka nywele, kusikiliza, kusaidia masomo. Mgeni amefua nguo, na mtoto amepata saa hizo kutoka kwa mtu ambaye hataondoka jioni. Hiyo ndiyo faida ambayo siku moja inaweza kuacha.

Mafundi wanaweza kufanya zaidi. Fundi mshonaji anayekuja na mashini yake anaweza, kwa siku moja, kutengeneza nguo nyingi za masomo zilizopasuka, mashati meupe na suruali za buluu. Fundi wa mbao anaweza kukaza vitanda vinavyoyumba. Anayejua mabati anaweza kuziba paa kabla ya mvua. Wanafunzi wa udaktari wanaweza kusaidia kupima uzito wa watoto, mradi daktari wao awepo.

Ili hayo yawezekane, kuna simu moja ya kupiga kabla ya kununua chochote: kuuliza kituo kinakosa nini. Inatokea kundi likaleta biskuti katoni nane mahali ambako kimekosekana chumvi, makala na pedi za wasichana.

Picha na maswali

Jambo la pili ni simu za mkononi. Sheria ya 2009 inampa mtoto haki ya kulindwa katika maisha yake ya binafsi. Katika eneo la vita, haki hiyo ni suala la usalama. Kati ya watoto wa vituo wamo waliotoka katika makundi yenye silaha, na wasichana waliobakwa. Picha yenye uso na jina la mahali ikizunguka kwenye WhatsApp, anayemtafuta mtoto huyo anajua pa kumpata. Anayetaka kumbukumbu ya siku yake apige picha ya nguo zilizoanikwa au paa lililozibwa.

Vilevile mgeni wa siku moja hana sababu ya kumuuliza mtoto wazazi wake walikufa vipi. Kidonda hicho kikifunguliwa saa nane, atakayekaa nacho usiku ni mtoto na mama mlezi.

Kituo ni daraja

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana. Mahali ambako wageni na zawadi ni wengi, msimamizi asiye mwaminifu anaweza kuona kwamba watoto wengi ni mapato mengi, akawazuia wale ambao wangeweza kurudi nyumbani. Mwaka 2019, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliomba nchi zizuie madhara yanayotokana na kazi za kujitolea katika vituo vya yatima, kwa sababu zinaweza kufungua njia ya biashara ya watoto. Ndiyo maana si utovu wa heshima mgeni kuuliza kama kituo kinajulikana na DIVAS, yaani divisheni ya mambo ya kijamii ya jimbo, na kama kuna kazi inayofanyika ya kutafuta familia.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inasema mtoto mdogo, hasa asiyefikisha miaka 3, anapaswa kulelewa ndani ya familia. Katika Kivu njia hiyo inajulikana: familia za mapokezi za muda, ambazo watu wa mashirika huziita FAT kwa Kifaransa, zimepokea watoto wengi wakati jamaa zao wakitafutwa.

Kundi linalotaka kuendelea baada ya siku yake linaweza kufuata njia hiyo. Kwa kupitia mfanyakazi wa kijamii wa kituo, lichague bibi mmoja aliyekubali kuwarudisha wajukuu wake nyumbani, na kila mwezi limchangie unga na maharagwe. Masomo ya msingi hayalipwi katika shule za serikali tangu 2019, lakini daftari, viatu na ada ya sekondari bado ni mzigo. Mara nyingi ni mzigo huo uliomtoa mtoto nyumbani.

Linabaki swali la mlangoni, saa kumi alasiri. Anayejua tarehe ya kurudi aitaje, na siku hiyo aje, hata kama mvua inanyesha. Asiyejua aseme kweli: « Leo nilikuja kufua nguo. Sijui kama nitarudi. Mama yuko hapa. » Mtoto anaweza kununa kidogo. Kisha atamgeukia mama mlezi, ambaye leo, kwa mara moja, mikono yake ni mikavu.